Shahidi wa Karatasi: Kilifi katika Ramani za Miaka ya 1950

Katika ramani za Pwani ya Kenya zilizochapishwa katikati ya karne ya ishirini, barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi hufika ukingoni mwa hori la Kilifi ikakatika. Ng'ambo ya pili huanza tena, kana kwamba baina ya kingo hizo mbili hapana maji. Hapo palikuwa na kivuko, na msafiri wa zama hizo, awe na gari au awe na kikapu kichwani, alilazimika kusimama na kungoja zamu yake. Mwaka 1991 daraja lilifunguliwa, na waliozaliwa baada yake huvuka hori kwa muda usiotosha hata kuitikia salamu. Hata hivyo, mahali pale pangali pakiitwa Old Ferry. Kitu kimeondoka, jina limesalia, na karatasi kuukuu inaeleza jina lilitoka wapi.

Kwa mfano huu mdogo mtu aweza kufahamu faida ya ramani za zamani kwa historia ya mahali. Vitabu vya historia ya Pwani husimulia habari za masultani, Wareno, Mazrui na Waingereza. Ramani husimulia visima, vichochoro, mashamba, vivuko na vijiji vya watu ambao majina yao hayakuandikwa kitabuni. Lakini ramani nayo ni shahidi kama mashahidi wengine: yapo aliyoyaona kwa macho yake, yapo aliyoambiwa, na yapo aliyopita karibu nayo asiyatambue. Katika Kaunti ya Kilifi, ambako hata leo watu wengi wanaishi juu ya ardhi wasiyokuwa na hatimiliki yake, kumpima shahidi huyu vizuri ni jambo zito.

Ramani zilivyochorwa

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha mwaka 1946 idara ya upimaji wa makoloni, chini ya Martin Hotine. Shabaha yake ilikuwa kubwa: kuchora maili za mraba 900,000 za makoloni kwa muda wa miaka kumi. Kazi kama hiyo isingewezekana kwa minyororo ya wapima ardhi peke yake. Ndege za jeshi la anga la Uingereza zikatumwa Afrika kupiga picha kutoka juu, na picha hizo zikapelekwa Uingereza kugeuzwa ramani. Mwaka 1957 idara hiyo ilibadilishwa jina, lakini kazi iliendelea, ikishirikiana na idara ya upimaji ya Kenya yenyewe.

Kipimo kilichopendelewa kilikuwa 1:50,000, yaani sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi. Kwa kipimo hicho mji haufichiki, wala mto, wala shamba la mkonge. Njia ya miguu huonekana kama mstari wa vidoto. Sambamba na ramani hizo zilitoka ramani za jiolojia. Mwaka 1956 P. V. Caswell alichapisha taarifa ya jiolojia ya eneo la Kilifi na Mazeras, na mwaka huo huo A. O. Thompson akachapisha ya eneo la Malindi. Ukiziweka karatasi hizi pamoja, umeifunika sehemu kubwa ya pwani ya kaunti ya leo, ingawa wakati huo neno kaunti halikutumika huko. Kaunti ya Kilifi ilizaliwa na Katiba ya mwaka 2010 na ikaanza kazi mwaka 2013, ikikusanya nchi zilizokuwa za wilaya za Kilifi na Malindi.

Jambo moja lisisahauliwe. Ndege huona paa, mti na barabara, lakini haisikii. Haijui kijiji kinaitwaje, wala kisima ni cha nani, wala kwa nini msitu fulani haukatwi. Hayo yote yalitafutwa baadaye na watu waliotembea chini, wakimwuliza chifu, karani au mpita njia, na kuandika walivyosikia. Ndiyo maana maumbo ya ramani hizi huaminika kuliko majina yake.

Majina

Mji wa magofu ulio karibu na Watamu uliandikwa Gedi katika ramani na vitabu vya wakati ule, ambapo wenyeji husema Gede, na Gede ndilo lililorejea katika maandishi ya siku hizi. Kaskazini ya Malindi kuna mahali ambapo taarifa ya jiolojia ya mwaka 1962 ilipaandika Fundi Isa, kwa maneno mawili, kama kwamba ni jina la fundi mmoja aitwaye Isa. Leo huandikwa Fundisa, kwa neno moja. Herufi chache tu zimebadilika, lakini mwenye kutafuta asili ya mahali hapo ataanza safari yake kwa njia mbili tofauti, kwa kutegemea ameshika karatasi ipi.

Kigiriama na ndugu zake wana sauti ambazo karani aliyezoea Kiingereza, au Kiswahili cha shule, hakuwa na herufi zake mkononi. Mji kwao ni mudzi. Kaya mojawapo ya Rabai huitwa Mudzi Muvya, yaani mji mpya, na jina hilo peke yake ni ushahidi kwamba palikuwa na mji wa kale uliohamwa. Karani aliyelisawazisha jina la namna hiyo ili lifanane na Kiswahili alifuta historia bila ya kukusudia.

Kubwa kuliko yote lilikuwa jina la watu wenyewe. Maandishi na ramani za kikoloni zilizoea kuwaita Wanyika, na nchi waliyotengewa ikaitwa hifadhi ya Nyika. Nyika ni pori, na kumwita mtu kwa pori lake si heshima. Katika miaka ya 1940 wenyewe walikwisha kujichagulia jina la Mijikenda, na chama cha Mijikenda Union kikaundwa Mombasa. Basi msomaji anayekuta neno Nyika katika ramani iliyochapishwa baada ya hapo asidhani kwamba ndivyo watu walivyojiita. Anachokisoma ni sauti ya ofisi.

Yapo, lakini, majina yaliyosalimika, nayo ni hazina. Mnarani, upande wa kusini wa hori la Kilifi, ni mahali pa mnara, na mnara wenyewe ni kaburi la nguzo lililosimama hapo kwa karne nyingi. Jumba la Mtwana, karibu na hori la Mtwapa, lahifadhi neno mtwana, ambalo vijana wa leo hawalitumii tena, lenye maana ya mtumwa wa kiume. Mtanganyiko, kwenye hori la Kilifi, ni mahali pa kutanganyika, yaani kuchanganyika, na kweli palikuwa soko ambapo Wagiriama walikutana na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya kumi na tisa.

Mawe, maji na njia

Ramani za jiolojia za mwaka 1956 zinaonyesha nchi iliyopangwa kwa mikanda inayofuata ufuo. Kwanza ni mkanda wa matumbawe ya kale, kisha vilima vya mchanga mwekundu vilivyopewa jina la Magarini, kisha mawe laini ya udongo, na nyuma yake vilima vya mawe ya mchanga. Katikati ya mikanda hiyo mna chokaa iliyopewa jina la Kambe. Mtaalamu wa mawe aliichora mikanda hii kwa ajili ya madini na maji. Msomaji wa historia anaiona ramani ya makazi ya watu.

Juu ya mkanda wa matumbawe ndipo ilipojengwa miji ya mawe: Gede, Mnarani, Jumba la Mtwana, Mtwapa. Tumbawe lilikatwa kuwa jiwe la ukuta, likachomwa kuwa chokaa, na likatobolewa kuwa kisima. James Kirkman, aliyekabidhiwa magofu ya Gede mwaka 1948 na kuyachimba kwa miaka kumi, alikuta humo msikiti, jumba la mfalme, visima virefu, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Katika ramani mji huo wote, uliokuwa na ukuta wake na watu wake, ni alama ndogo ya magofu pembeni mwa msitu.

Vilima vya nyuma navyo vilichukua kaya za Mijikenda, kwani palikuwa na kinga na msitu. Baina ya vilima na bahari palihitajika njia. Hapo ndipo vidoto vya ramani vinapokuwa na thamani. Barabara kuu ya serikali hufuata ufuo, kutoka kusini kwenda kaskazini, kwa maana serikali ilitaka kufika Malindi. Njia za miguu huikata barabara hiyo, zikitoka bara kuelekea mahorini, kwa maana mahindi, pembe na sandarusi zilitaka kufika kwenye jahazi. Mtu akizifuata kwa kidole ataona kwamba Takaungu, ambayo katika ramani ya barabara ni kijiji kilichoachwa kando, ilikuwa mlango wa nchi nzima iliyo nyuma yake. Mazrui waliopoteza Mombasa mwaka 1837 walikimbilia huko, wakafanya mashamba ya nafaka kwa nguvu za watumwa.

Wapo na waliozitumia njia hizo kwa kukimbia. Fuladoyo, bara ya Malindi na Takaungu, lilikuwa kimbilio la watoro katika miaka ya 1880. Rabai, ambako Krapf na Rebmann walianza kazi yao mwaka 1846, nayo ilijaa watoro hata ikawa fitina baina ya wamisionari na wenye watumwa, na mwanzoni mwa mwaka 1889 zaidi ya watu 1,400 wakapewa hati zao za uhuru, baada ya kampuni ya Waingereza kulipa fidia. Katika ramani Fuladoyo ni jina tu, na halina alama yoyote ya kusema kwamba hapo watu walijipatia wenyewe uhuru miongo miwili kabla ya utumwa kufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907.

Mistari isiyoonekana ardhini

Mto na kilima huchorwa kwa sababu vipo. Mipaka huchorwa ili iwepo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba milki ya Sultani wa Zanzibar ifike maili kumi tu kutoka baharini. Mstari huo hauna mto wala jabali la kuushuhudia, lakini ulidumu hata mwaka 1963, pale ukanda ulipounganishwa na Kenya huru kwa mapatano ya mwezi wa Oktoba.

Ndani ya ukanda huo ilitumika sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908. Mwenye kudai ardhi alitakiwa aende mbele ya msajili na ushahidi wake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Waliokuwa na hati, makadhi na mawakili waliifahamu njia hiyo. Mkulima wa Kigiriama, ambaye ushahidi wake ulikuwa mnazi wa babu na kaburi la bibi, hakuifahamu. Matokeo yake yanasomeka katika karatasi za nusu karne baadaye. Kwenye ukanda wa matumbawe, hasa Vipingo, mashamba ya mkonge yamenyooka kama daftari la shule, na vibarabara vyake vinakatana kwa pembe mraba. Pembeni yake vishamba vya watu vimepinda huku na huku, vikifuata kivuli, maji na ujirani. Tofauti ya umbo ni tofauti ya hati. Na neno skwota, ambalo lingali likisikika katika kila mkutano wa ardhi Kilifi, lilizaliwa katika mistari hiyo.

Mto Sabaki nao uliwahi kufanywa mpaka. Wagiriama walikuwa wamevuka na kulima ng'ambo ya kaskazini, kwenye ardhi yenye rutuba, na serikali ikawataka warudi kusini, kwenye hifadhi, ambako wangepatikana kwa kodi na kwa kazi. Upinzani ulioamshwa na Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, kuhamishwa kwao hadi nchi ya Wakisii na kutoroka kwao, kulipuliwa kwa Kaya Fungo kwa baruti tarehe 4 Agosti 1914, na vita vilivyofuata, ni habari zinazojulikana. Isiyosemwa mara nyingi ni ile inayosomeka katika ramani za miaka ya 1950: vijiji vya Kigiriama vipo kaskazini ya Sabaki, katika nchi ya Magarini na Marafa. Amri ya 1914 iliandikwa kwa moto, na watu wakaifuta kwa jembe.

Kijani na cheupe

Rangi ya kijani katika ramani ni msitu. Picha ya angani haiwezi kupenya majani, basi kaya zote zilitoka katika ndege zikiwa madoa ya miti. Mchoraji hakuona milango yake, wala njia yake ya pekee, wala makaburi, wala uwanja wa kati ambapo wazee hukaa. Kwa macho ya ofisi, msitu usiokaliwa ni ardhi iliyo wazi, na msitu mdogo usio katika orodha ya misitu ya serikali hauna mwenyewe. Miti ya kaya nyingi ilipungua katika miongo iliyofuata, kwa shoka, kwa machimbo na kwa mauzo ya ardhi. Mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalianza kuzitangaza kaya kuwa mahali pa kuhifadhiwa, na mwaka 2008 kaya kadhaa ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, miongoni mwao zikiwa za Kilifi. Ilichukua zaidi ya miaka hamsini kwa karatasi kukiri kile ambacho kila mtoto wa Mijikenda alikijua.

Ukienda magharibi, rangi zote hupungua na karatasi huwa karibu nyeupe. Huko ndiko nchi kavu inayopakana na Tsavo, iliyofanywa mbuga ya taifa mwaka 1948. Weupe huo haukuwa na vijiji kwa sababu Waata, wenyeji wake, walikuwa wawindaji waliohama na wanyama na maji. Walijua kila dimbwi kwa jina. Kampeni dhidi ya uwindaji ya mwaka 1956 na 1957 iliwajaza magerezani, na mwaka 1960 mpango wa kuwatumia kwa uwindaji wa halali ulianzishwa Galana. Mtu aliyeshika ramani peke yake ataapa kwamba hapakuwa na watu.

Ufuo wenyewe haukutulia. Sabaki huleta udongo mwekundu kutoka bara, na udongo huo umeusogeza ufuo wa Malindi kuingia baharini, hata aliyesimama pwani leo akiwa na karatasi ya zamani mkononi atajiona yuko majini. Ngomeni, iliyokuwa kijiji cha wavuvi na mikoko, ilipata katika miaka ya 1960 jukwaa la Waitaliano la kurushia setilaiti, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa hapo ile iliyoitwa Uhuru. Gongoni ikapata viwanda vya chumvi, na pamoja navyo migogoro ya ardhi ambayo Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya iliifanyia uchunguzi wa hadhara na kutoa taarifa yake mwaka 2006. Katika magomvi kama hayo swali la kwanza daima ni moja: nani alikuwapo kabla?

Mashahidi wawili

Swali hilo ndilo linaloweza kuifanya ramani iwe nuru au iwe dhuluma. Kijiji kikionekana katika karatasi ya miaka ya 1950, karatasi ni ushahidi madhubuti kwamba watu walikuwapo, na wanaodai ardhi ya wazee wao wana haki ya kuitoa mbele ya tume na mahakama. Lakini kijiji kisipoonekana, hilo si thibitisho la kwamba hapakuwa na kitu. Huenda kilikuwa chini ya miembe na mikorosho. Huenda kilihama msimu ule. Huenda kiliandikwa kwa jina la jirani. Kaya hazikuonekana, na zilikuwapo. Waata hawakuonekana, na walikuwapo.

Watu wa Pwani wana ada ya kale katika mambo ya haki: shahidi mmoja hatoshi. Ramani ni shahidi wa kwanza. Wa pili ni mzee, na penye wazee haliharibiki neno. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1955 amekwisha kufikia miaka 80, na kila mwaka wa mazishi huchukua na majina ya visima. Walimu wa historia wa Kilifi, Kaloleni, Ganze, Rabai, Magarini na Malindi hawahitaji kungoja fedha za mradi wala mtaalamu kutoka mbali. Nakala ya ramani hupatikana, na kalamu hupatikana. Wanafunzi waipeleke karatasi kwa mzee, waitandaze mkekani, wamwonyeshe hori na kilima apate kujua alipo, kisha wasimwulize mipaka, kwani mipaka huleta ugomvi. Wamwulize ulizo jepesi: ulipokuwa mdogo, mliteka maji wapi?

Ataweka kidole mahali penye weupe, naye atataja jina. Jina hilo na liandikwe kama anavyolitamka.